Pombe ya asali

Pombe ya asali ni kileo kinachopatikana kwa kuchachusha asali iliyozimuliwa kwa maji. Nguvu yake hutegemea wingi wa asali na muda wa kuchacha. Ile nyepesi inayonywewa baada ya siku chache huwa na alkoholi ya asilimia 4 hadi 7 hivi, na ile inayoachwa miezi kadhaa hufikia asilimia 12 au zaidi. Nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la wanzuki.

Mambo mawili huwasumbua wengi wanaoipika nyumbani: namna ya kuitia ladha, na namna ya kuifanya ichache hadi mwisho bila kukwama njiani. Mambo hayo yanahusiana kuliko inavyodhaniwa. Vingi kati ya viungo ambavyo wazee walitia kwa ajili ya ladha ndivyo vilivyokuwa pia chakula cha chachu.

Majina na asili

Kuchanganya asali na maji na kusubiri ni jambo la kale sana. Katika kijiji cha Jiahu nchini China yamepatikana mabaki ya kinywaji cha mchele, asali na matunda ndani ya vyungu vya takriban mwaka 7000 KK. Afrika ya Mashariki ina mapokeo yake. Waethiopia hutengeneza tej, Wakikuyu wa Kenya hutengeneza muratina, na Watanzania wa maeneo ya miombo kama Tabora wana wanzuki. Neno nzuki au njuki ni "nyuki" katika lugha kadhaa za Kibantu, kwa hiyo jina lenyewe linaeleza kinywaji kilikotoka.

Katika Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, kinywaji cha kienyeji kinachojulikana zaidi ni ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa wakati wa mvua. Ulanzi huchacha wenyewe ndani ya saa chache tu. Tofauti hiyo inafaa kuzingatiwa. Mtu aliyezoea ulanzi hutazamia asali nayo ichangamke upesi vivyo hivyo, na isipochangamka hudhani kwamba asali yake ilichakachuliwa. Mara nyingi asali haina kosa.

Kwa nini asali huchacha kwa shida

Louis Pasteur alionyesha kuanzia mwaka 1857 kwamba uchachushaji ni kazi ya viumbe hai. Chachu ni kuvu wadogo sana wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari na kutoa alkoholi pamoja na gesi ya dioksidi kabonia. Spishi inayofanya kazi kubwa, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo ile ile ya hamira ya mkate.

Asali ina sukari tele, takriban asilimia 80 ya uzito wake, nyingi ikiwa fruktosi na glukosi. Lakini kiumbe hai hakiishi kwa sukari peke yake. Chachu inahitaji nitrojeni ili ijenge protini za mwili wake, inahitaji madini kama fosforasi, potasiamu na magnesi, na inahitaji vitamini kadhaa. Kwa makadirio ya kawaida, chachu hutaka miligramu 150 hadi 250 za nitrojeni kwa kila lita. Asali iliyozimuliwa mara nyingi haifikishi hata 50. Ni sawa na kumlisha mtoto sukari guru asubuhi, mchana na jioni: nguvu za kukimbia anazo, lakini mwili hauna cha kujengea.

Kuna tatizo la pili ambalo watu wachache hulitambua. Asali ni chachu kwa asili, pH yake ikiwa karibu na 3.9, na haina madini ya kutosha ya kuzuia uchachu usizidi. Chachu inapofanya kazi hutoa asidi zaidi. Katika juisi ya zabibu asidi hiyo hupokelewa na madini yaliyomo. Katika maji ya asali pH huweza kushuka hadi 3 au chini yake kwa siku chache, na hapo chachu hudhoofika ingali imezungukwa na sukari.

Asali yenyewe haichachi ikiwa imekomaa, kwa sababu maji yake ni chini ya asilimia 20. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji mengi zaidi na huweza kuchacha chomboni bila kuguswa na mtu. Asali nyeusi, kama ile ya maua ya mparachichi ambayo sasa hupandwa sana Njombe, kwa kawaida ina madini mengi kuliko asali nyeupe na huchacha kwa urahisi kidogo.

Ladha za kimapokeo na kazi yake ya pili

Wapikaji wa zamani hawakujua neno nitrojeni, lakini hawakupika kwa asali safi iliyochujwa. Walitumia masega yaliyokamuliwa, yakiwa bado na chavua na pengine majana ya nyuki ndani yake. Chavua na majana ni protini. Yule anayenunua asali ya dukani, iliyochujwa hadi ikawa kama kioo, ananunua chakula kizuri cha binadamu lakini chakula pungufu cha chachu. Kwa mfugaji wa nyuki njia rahisi kuliko zote ni kuyaosha masega yake kwa maji ya uvuguvugu baada ya kukamua, na kuanza pombe kwa maji hayo.

Muratina ya Wakikuyu imepata jina kutokana na tunda la mwegea (Kigelia africana), mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba. Tunda bichi haliliwi, kwani ni sumu na huharisha vibaya. Hupasuliwa, hukaushwa juani, huchemshwa, kisha hulowekwa katika asali au maji ya miwa mpaka lishike chachu. Baada ya hapo nyuzi zake huwa makao ya chachu. Pombe ikiiva tunda hutolewa, huanikwa na kutunzwa kwa ajili ya mpiko unaofuata. Kwa hiyo linatia ladha, na wakati huo huo ni mbegu ya chachu inayorithiwa kutoka mpiko mmoja hadi mwingine. Kinywaji hicho kina nafasi ya heshima katika mazungumzo ya mahari, na mzee hawezi kupelekewa kilichokwama nusu njia.

Tej ya Ethiopia hutiwa vijiti na majani ya gesho (Rhamnus prinoides), mti mdogo unaoota pia katika milima ya Tanzania. Gesho huleta uchungu unaosawazisha utamu, na huzuia baadhi ya bakteria wanaoharibu pombe. Asali na maji huchanganywa kwa kiasi cha moja kwa tatu hivi. Katika Tanzania kangara hupikwa kwa asali au sukari pamoja na pumba za mahindi. Wengi hudhani pumba hutiwa ili kuongeza wingi wa pombe. Kwa kweli pumba zina nitrojeni, madini na vitamini B, yaani hasa vile vitu ambavyo asali haina. Kimea cha ulezi hufanya kazi hiyo hiyo.

Baridi ya Makete

Wilaya ya Makete iko juu kabisa katika Nyanda za Juu Kusini. Ikonda, panapojulikana kwa hospitali yake ya wamisionari wa Consolata, pako katika kimo cha takriban mita 2,000. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa baridi kali, na sehemu za juu zaidi jalidi huonekana mashambani asubuhi.

Chachu hupenda joto la sentigredi 18 hadi 25. Chini ya 15 hulegea, na karibu na 10 hamira ya mkate hukaribia kusimama. Pombe iliyoanza vizuri mchana kwenye jua huweza kulala usiku wa kwanza na isiamke tena. Ndiyo sababu kanuni iliyoandikwa kwa watu wa Tabora au Dar es Salaam humwangusha mtu wa Ikonda, hata akiifuata neno kwa neno. Mpikaji wa pwani ana shida iliyo kinyume: joto likizidi 30 chachu hutoa alkoholi nzito zenye harufu kali, na mnywaji huamka na kichwa kizito.

Dawa ya baridi ni joto lisilobadilika, hata kama ni kidogo. Jiko la kuni linalowashwa kila siku huwa na ukuta wenye uvuguvugu mpaka alfajiri, na dumu huwekwa upande huo, si mezani wala sakafuni penye saruji. Ndoo ikiwekwa ndani ya sanduku lililojazwa maranda ya mbao, ambayo katika wilaya ya misonobari hayana bei, hutunza joto ambalo chachu yenyewe huzalisha. Blanketi kuukuu nalo husaidia. Kuweka chombo juu ya makaa hakufai: upande mmoja huungua na chachu hufa.

Tena, katika kimo hicho maji huchemka kwenye sentigredi 93 hivi, si 100. Maji ya kuzimulia asali yaachwe yachemke dakika chache zaidi ya kawaida, kisha yapoe.

Vipimo

Kwa pombe ya lita 10 inayokusudiwa kufikia alkoholi ya asilimia 11 au 12, hutosha kilo 2.5 za asali (takriban lita 1.8), na maji yanayojaza hadi lita 10. Hesabu yake ni rahisi: gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya alkoholi. Kilo 2.5 za asali zina kilo 2 za sukari, yaani gramu 200 kwa lita. Hamira ya mkate huchoka alkoholi inapofika kati ya asilimia 10 na 13, hivyo kuongeza asali kupita hapo huongeza utamu tu. Wapolandi, wenye mapokeo marefu ya kinywaji hiki, hugawa pombe zao za asali kwa uwiano: sehemu moja ya asali kwa nusu ya maji, kwa moja, kwa mbili au kwa tatu. Ile nzito kuliko zote hukaa angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Anayeanza asiige ile nzito.

Maji yaliyochemshwa yakipoa hadi uvuguvugu wa mkono, asali huchanganywa humo. Hakuna haja ya kuchemsha asali yenyewe, maana harufu ya maua huondoka na mvuke. Kisha mchanganyiko hutikiswa au kupigwa kwa mwiko dakika tano nzima. Chachu inahitaji hewa mwanzoni ili iongezeke. Huu ndio wakati pekee ambapo hewa ni rafiki.

Hamira kavu, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, huamshwa kwanza katika kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa robo saa. Kuimwaga moja kwa moja kwenye maji baridi ya asali huua sehemu kubwa. Chakula cha chachu huandaliwa kando: vijiko vikubwa viwili vya hamira nyingine huchemshwa dakika kumi katika maji kidogo. Hamira hiyo hufa, na miili yake huliwa na ile iliyo hai. Nusu hutiwa siku ya kwanza na nusu siku ya tatu. Baada ya hapo haifai kuongeza, kwa sababu alkoholi ikishapanda chachu haipokei tena chakula vizuri, na mabaki huwafaa bakteria.

Zabibu kavu hutajwa mara kwa mara kuwa chakula cha chachu. Ni kweli zina nitrojeni, lakini ngumi moja ya zabibu katika ndoo haitoshi kitu. Zitiwe kwa ladha, bila kutegemewa kwa lishe.

Mbolea isitumike

Watengenezaji wa mvinyo viwandani hutumia chumvi iitwayo fosfeti ya diamonia kuilisha chachu. Kifupi chake ni DAP, na mkulima yeyote wa mahindi au viazi Njombe anaijua DAP kwa mfuko wake. Hapo ndipo penye hatari. Kemikali kuu ni ile ile, lakini DAP ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya chakula. Huweza kuwa na kadimi na metali nyingine nzito, pamoja na rangi na vitu vya kufunika chembe zake. Metali hizo hazionekani wala hazina ladha katika pombe, nazo hujikusanya mwilini kwa miaka.

Urea ni mbaya kwa njia nyingine. Ikikutana na alkoholi hutengeneza ethili kabameti, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani. Zamani ilitumiwa na watengenezaji wa mvinyo, kisha ikaachwa kwa sababu hiyo. Mwenye pumba za mahindi na hamira hana sababu ya kufungua mfuko wa mbolea.

Kutia ladha

Swali la kwanza ni wakati, kabla ya swali la kiungo. Matunda yanayotiwa mwanzoni huilisha chachu, lakini harufu yake nyingi huchukuliwa na gesi inayotoka. Yanayotiwa baada ya povu kutulia hubakiza harufu ya tunda. Wapikaji wengi wenye uzoefu hugawa: theluthi mwanzoni kwa ajili ya chachu, iliyobaki baadaye kwa ajili ya mnywaji.

Makete na Njombe zina matunda ya nchi baridi ambayo sehemu nyingi za Tanzania hazina: matufaa, plamu, pichi na pea. Kilo moja hadi mbili kwa lita 10 hutosha. Matunda huoshwa, hukatwa, na kokwa za pichi na plamu huondolewa bila kupondwa, kwa kuwa mbegu zake zina sumu ya sianidi. Matunda yanayoelea lazima yazamishwe kwa mwiko safi mara mbili kwa siku, la sivyo sehemu ya juu huota ukungu. Tufaa hutoa ladha ya upole inayokubaliana na asali ya maua ya msituni, na plamu huleta rangi na ukali. Juisi za chupa zenye vihifadhi kama benzoeti ya sodiamu hazifai, kwani vihifadhi hivyo vimewekwa makusudi ili kuzuia chachu.

Viungo vikali hungoja mpaka uchachushaji mkuu umalizike. Karafuu na mdalasini zina mafuta yanayoua vijidudu, na chachu ni kijidudu. Mpikaji anayemwaga karafuu siku ya kwanza huidhuru chachu yake mwenyewe. Baadaye karafuu tano au sita, kijiti kimoja cha mdalasini, au gramu 50 hadi 100 za tangawizi iliyopondwa hutosha kwa lita 10. Vifungwe ndani ya kitambaa safi ili viweze kutolewa. Pombe huonjwa kila siku, na kitambaa hutolewa ladha ikiwa bado pungufu kidogo, kwa sababu karafuu huendelea kujitokeza hata baada ya kuondolewa. Iliki na mchaichai husamehe makosa zaidi.

Limau na ndimu ndizo huharibu mipiko mingi. Vitabu vingi vya zamani huagiza maji ya limau yatiwe mwanzoni. Kwa mchanganyiko ambao tayari una asidi bila kinga, huko ni kuusukuma shimoni. Limau litiwe mwisho kwa kuonja. Ganda lake la njano halina tatizo.

Dalili za chachu iliyozidiwa

Pombe yenye afya huanza kutoa povu ndani ya siku moja au mbili, hunukia mkate na asali, na hupoa polepole kwa wiki mbili hadi nne. Harufu ya mayai viza ni sulfidi ya hidrojeni, dalili kwamba chachu ina njaa ya nitrojeni. Ikitokea siku za kwanza, kutia chakula na kukoroga taratibu ili gesi itoke huweza kuiponya.

Povu likikoma mapema na pombe ikabaki tamu sana, uchunguzi uanzie kwenye joto. Sababu ikiwa ni baridi, kuhamishia chombo penye uvuguvugu hutosha. Ikiwa ni asidi kuzidi, nusu kijiko cha chai cha unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa, hupunguza ukali katika lita 10. Ikiwa chachu imekufa, kumwaga hamira mpya ndani hakusaidii, kwani nayo itakufa. Hamira mpya huanzishwa katika nusu lita ya maji ya asali, na ikichemka vizuri huongezewa pombe iliyokwama kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kwa siku nzima hadi izoee.

Harufu ya siki huonyesha kwamba hewa imeingia baada ya wiki ya kwanza. Hiyo hairudi kuwa pombe, ila inaweza kuachwa iwe siki ya kupikia. Ukungu wenye manyoya ya rangi ni wa kumwaga, hata kama kilo tatu za asali zinauma.

Vyombo na hifadhi

Kibuyu, mtungi wa udongo, kioo na ndoo ya plastiki ya chakula vyote hufaa. Mabati yaliyopakwa zinki na sufuria za shaba hazifai kabisa, kwa kuwa asidi ya asali huyeyusha metali hizo na mnywaji hutapika. Dumu lililowahi kubeba dawa ya viazi halisafishiki kwa kiwango cha chakula, hata likisuguliwa kwa mchanga.

Chombo kisifungwe kwa nguvu wakati wa kuchacha. Mpira mwembamba unaotoka kwenye kizibo hadi kwenye chupa ya maji huruhusu gesi itoke bila hewa kuingia. Mashapo yakishatulia, pombe huhamishwa kwa mpira hadi chombo kingine bila kuyatibua. Chupa za kioo hujazwa tu wakati ambapo hakuna hata kiputo kimoja kilichoonekana kwa wiki mbili katika chumba chenye joto. Katika nchi baridi kama Makete sharti hilo la joto ni la lazima. Pombe iliyolala Julai huonekana imekwisha, hufungwa, kisha Oktoba jua linaporudi huamka ndani ya chupa na kuipasua.

Baada ya miezi mitatu ukali wa mwanzo hupungua, na baada ya sita harufu ya asali, iliyokuwa imepotea wakati wa kuchacha, hurudi.